MWENZAKO AKINYOLEWA, WEWE TIA MAJI
Kampuni Ikifilisika, Mfanyakazi Hulipwa wa Ngapi?



Kila tunapoandika habari za sheria za makampuni katika gazeti hili, wako wenzetu wasemao: "Hayo ni mambo ya mawakili na mahasibu. Sisi tupeni habari za mishahara." Na tukiandika habari za India huzidi kunung'unika: "India yatuhusu nini?" Leo tunawajibu ndugu hao, maana kosa lao ni kubwa na siku moja litawatia hasara.

Kwanza, sheria ya makampuni ndiyo habari ya mshahara wako wa mwisho. Siku tajiri anapofunga lango na kusema hana kitu, hakuna tena mapatano ya nyongeza wala ya saa za kazi. Kuna mali iliyobaki, na kuna msururu wa watu wanaoidai. Sheria ndiyo inayosema nani asimame mbele na nani nyuma. Usipoijua nafasi yako katika msururu huo kabla ya siku hiyo, utaijua siku hiyo, nawe umechelewa.

Pili, India si mbali na sisi kama watu wanavyodhani. Rupia ilikuwa fedha ya nchi hii mpaka mwaka 1920. Sheria ya Mikataba ya India ya 1872 ilitumika katika korti zetu mpaka mwisho wa mwaka 1960, na Sheria ya India ya mwaka 1882 juu ya kuhamisha mali haikuondolewa Kenya mpaka mwaka 2012. Na yule Makhan Singh, aliyetuonyesha njia ya vyama vya wafanyakazi tangu mwaka 1935, na akafungiwa kizuizini na Serikali ya kikoloni kuanzia 1950 hata 1961, alizaliwa Punjab. Yanayowapata wafanyakazi wa India leo yaweza kutufikia sisi kesho. Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

MSURURU WENYEWE

Mwaka 1926 India ilitunga Sheria ya Vyama vya Wafanyakazi. Miaka 90 baadaye, mwaka 1996 na ishirini, yaani 2016, ikatunga sheria mpya ya ufilisi. Sheria hiyo ilisifiwa sana na mabenki na wenye fedha. Walisema sasa kampuni mbovu itaokolewa upesi, au itauzwa upesi. Tuangalie basi jinsi ilivyopanga watu siku mali inapogawanywa:

1. Wa kwanza ni gharama za kazi yenyewe ya ufilisi, pamoja na malipo ya wasimamizi wake.
2. Wa pili ni wafanyakazi wa mikono, mafundi na makarani, kwa malipo yao ya miezi 24 kabla ya kufilisiwa. Na hapo hapo, bega kwa bega nao, mabenki yenye rehani yaliyokubali kuitia rehani yao katika fungu la wote.
3. Wa tatu ni waajiriwa wengine, kama wakubwa wa kazi, kwa miezi 12 tu.
4. Wa nne ni waliokopesha fedha bila rehani.
5. Wa tano ni Serikali, kwa kodi na ushuru wake.
6. Wa sita ni wadai waliobaki, na nyuma kabisa wenye hisa.

Msomaji atasema: "Mbona ni vizuri! Mfanyakazi ni wa pili, hata Serikali iko nyuma yake." Ni kweli, na hatutaki kuficha jambo jema. Tena sheria hiyo imesema kwamba Mfuko wa Akiba, mfuko wa pensheni na mfuko wa kiinua mgongo si mali ya kampuni, wala mfilisi asiviguse. Hilo ni jema pia. Lakini chui haonekani kwa mbali. Mkaribie ndipo uone madoa yake.

DOA LA KWANZA: MEZANI HATUPO

Kabla ya mali kugawanywa, kuna kipindi cha kujaribu kuiokoa kampuni. Kipindi hicho huongozwa na Kamati ya Wadai. Nani wanapiga kura katika Kamati hiyo? Ni wakopeshaji wa fedha, yaani mabenki na wenzao. Mfanyakazi aliyeikopesha kampuni jasho lake la miezi sita hahesabiwi kuwa mkopeshaji wa fedha. Yeye huitwa mdai wa shughuli, sawa na mtu aliyeuza kuni jikoni. Wadai wa namna hiyo wakiwa na deni lifikalo sehemu moja ya kumi ya madeni yote, mjumbe wao aweza kuketi mkutanoni akasikiliza. Kura hana. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ya India iliulizwa kama tofauti hiyo ni halali, nayo ikajibu kuwa ni halali.

Twauliza sisi: je, aliyetoa fedha amekopesha, na aliyetoa mwili wake hakukopesha? Benki ikipoteza mkopo mmoja ina mingine elfu. Fundi akipoteza mshahara wa miezi sita hana mwingine.

DOA LA PILI: MIEZI INAYOLIWA NA KUNGOJA

Tazameni habari ya kiwanda cha kuunda meli cha ABG Shipyard, katika jimbo la Gujarat. Kampuni hiyo iliingizwa katika ufilisi Agosti 2017. Waliojaribu kuiokoa hawakufaulu, na Aprili 2019 ikaamriwa ifilisiwe kabisa. Mwezi Februari 2022 wapelelezi wa Serikali waliwafungulia kesi kampuni na aliyekuwa mwenyekiti wake, kwa tuhuma za kuyadanganya mabenki yapata rupia bilioni 228. Tuhuma si hukumu, nasi hatuhukumu. Twataka tu mwone ukubwa wa chungu kilichokuwa jikoni.

Na wafanyakazi? Walikwenda hata Mahakama ya Juu kudai mishahara yao, pamoja na ile ya kipindi kampuni ilipokuwa mikononi mwa msimamizi. Mwezi Aprili 2022 Mahakama ikasema hivi: aliyefanya kazi kweli kweli katika kipindi hicho, wakati kampuni inaendeshwa, mshahara wake ni sehemu ya gharama, naye alipwe mwanzo kabisa. Lakini yule aliyekuwa ameandikwa tu, na kazi haikuwapo, yeye arudi katika msururu. Akiba na kiinua mgongo, Mahakama ikasema, si mali ya kugawanywa.

Sasa fanyeni hesabu wenyewe. Sheria inatambua miezi 24 kabla ya siku ya kufilisiwa. Tangu Agosti 2017 hata Aprili 2019 ni miezi 20 na zaidi. Basi karibu miezi yote ile 24 imeliwa na kungoja, wakati lango limefungwa na nyundo zimenyamaza. Malimbikizo ya zamani, ya wakati watu walipokuwa wakitoa jasho bila mshahara, yameanguka nje ya ile nafasi ya pili. Kuokoa kampuni kukichelewa, benki hupoteza faida. Mfanyakazi hupoteza nafasi yake.

DOA LA TATU: NI NANI ANAYEKETISHWA KANDO YETU

Hapa ndipo ushuru wa forodha na kodi vinapoingia, na ndipo wale wasemao "mambo ya kodi si yetu" wanapotakiwa wasome mara mbili.

ABG Shipyard ilikuwa imeingiza vifaa vya kuundia meli bila kutozwa ushuru, kwa ahadi ya kuuza meli nchi za nje. Meli hazikuuzwa kama ilivyoahidiwa, na vifaa vikabaki katika maghala ya forodha. Watu wa forodha wakaleta hati za madai, wakataka kuvishika. Mfilisi akakataa. Tarehe 26 Agosti 2022 Mahakama ya Juu ikaamua kwamba Sheria ya Ufilisi ni kubwa kuliko Sheria ya Forodha ya 1962. Forodha yaweza kuhesabu deni lake, kisha ipeleke madai kwa mfilisi na kusimama katika msururu kama wengine. Haina ruhusa ya kunyakua mali na kuiuza. Vifaa vikabaki katika fungu la wote.

Siku 11 baadaye, tarehe 6 Septemba 2022, Mahakama iyo hiyo iliamua kesi nyingine, ya kampuni iitwayo Rainbow Papers, iliyodaiwa kodi ya mauzo na jimbo la Gujarat. Sheria ya kodi ya jimbo ilisema kodi hiyo ni kama rehani juu ya mali ya mdaiwa. Mahakama ikasema basi, Serikali ni mdai mwenye rehani. Maana yake ni nini? Serikali imeinuliwa kutoka nafasi ya tano ikaketishwa nafasi ya pili, bega kwa bega na mfanyakazi! Mwaka 2023 Mahakama yenyewe, katika kesi nyingine, ilijaribu kuufinya uamuzi huo, na mwezi Agosti 2025 ukaletwa Bungeni mswada wenye nia ya kuifuta tafsiri hiyo.

Ndugu, mmeona? Hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekuwa katika kesi ya Rainbow Papers akitetea nafasi ya pili. Waliobishana ni Serikali na wenye fedha. Wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi. Chakula ni kile kile, sahani ni ile ile, ila ameongezwa mlaji mmoja, naye ana mdomo mkubwa.

Na mwezi Mei 2023 likaja pigo jingine. Zamani, chini ya Sheria ya Makampuni, deni la mfanyakazi lilikuwa na haki hata juu ya mali iliyowekwa rehani benki. Benki haikuweza kuichukua rehani yake ikaenda zake pasipo kumkatia mfanyakazi fungu lake. Sheria mpya iliondoa ulinzi huo kwa kampuni zinazofilisiwa chini yake. Chama cha wafanyakazi wa Moser Baer, kampuni iliyokuwa ikitengeneza sahani za muziki na za kompyuta, kilipinga mahakamani. Kikashindwa. Leo benki yaweza kusimama nje ya msururu, ikauza rehani yake yenyewe.

UPESI KWA MATAJIRI, POLEPOLE KWETU

Msituambie kwamba sheria huenda polepole kwa kuwa ndiyo desturi yake. Sheria hukimbia ikitaka.

Ijumaa tarehe 20 Septemba 2019 Waziri wa Fedha wa India, Nirmala Sitharaman, alitangaza kupunguza kodi ya makampuni kutoka asilimia 30 hadi 22, kwa kampuni zitakazoacha misamaha mingine, na asilimia 15 kwa viwanda vipya. Jambo hilo halikungoja Bunge. Lilifanywa kwa amri ya haraka. Serikali yenyewe ilihesabu kwamba itakosa mapato ya rupia trilioni 1 na bilioni 450 kwa mwaka. Makampuni yalipata raha hiyo kabla jua halijatua.

Mwaka huo huo, tarehe 17 Aprili, ndege za Jet Airways ziliacha kuruka, na maelfu ya waajiriwa wakabaki wakidai. Walishinda kesi za akiba na kiinua mgongo mwaka 2022, na Januari 2023 Mahakama ya Juu ikakataa kuutengua ushindi huo. Lakini walioahidi kuifufua kampuni hawakutimiza masharti, na tarehe 7 Novemba 2024 Mahakama ikaamuru ifilisiwe. Ni miaka mitano na nusu tangu ndege ya mwisho itue. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza amekwisha kufika la sita, na baba bado ameshika karatasi ya ushindi. Karatasi hailipi karo.

Kisha tarehe 24 Machi 2020, siku ile ile India ilipotangaziwa kufungwa kwa sababu ya Korona, kiwango cha deni linaloweza kumpeleka mdaiwa katika ufilisi kilipandishwa kutoka rupia laki moja hadi milioni 10. Mara mia moja! Walisema ni kuzilinda kampuni ndogo wakati wa janga. Janga likapita, kiwango hakikurudi. Na tarehe 21 Novemba 2025 zikaanza sheria nne mpya za kazi. Moja yao inasema kiwanda chenye watu chini ya 300 chaweza kufungwa bila kuomba ruhusa ya Serikali. Zamani mpaka ulikuwa watu 100. Yaani tajiri wa watu 299 sasa afunga lango kwa hiari yake, na ukimdai rupia laki tatu hufiki kizingiti cha mahakama ya ufilisi.

LAKINI WAKO WALIOSHINDA

Hatuandiki haya ili mkate tamaa. Sikilizeni habari ya Kanpur.

Kiwanda cha magunia cha J.K. Jute kilifungwa mwezi Machi 2014. Miaka mitatu baadaye chama cha wafanyakazi kiliipelekea kampuni hati ya madai kwa niaba ya watu wapatao 3,000. Baraza la kwanza likakitupa nje. La rufani nalo likakitupa. Walisema: chama hakikufanya kazi yoyote kiwandani, basi hakidai kitu, kila mfanyakazi aje na kesi yake mwenyewe. Watu 3,000, kesi 3,000, ada 3,000! Nani angeweza?

Chama hakikurudi nyumbani. Tarehe 30 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikasema kwamba chama kilichoandikishwa chini ya ile Sheria ya 1926 ni mtu mbele ya sheria, na kina haki ya kudai kwa niaba ya wanachama wake kwa kesi moja. Kuwatawanya, Mahakama ikasema, ni kuwatwika mzigo bure.

Sasa unganisheni hukumu hiyo na kile kiwango cha milioni 10. Mtu mmoja anayedai laki tatu hafiki. Watu 34 pamoja, ndani ya chama, wamepita. Ndiyo sababu twasema kadi ya chama si karatasi ya kubandika ukutani.

NA SISI HAPA?

Wale waliotuuliza "India yatuhusu nini?" sasa wasome sheria yetu. Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 inamweka mfanyakazi nafasi ya pili, baada ya gharama. Lakini kwa miezi mingapi? Si 24. Ni minne. Na kwa kiasi gani? Iliandikwa kisichozidi shilingi 200,000 kwa mtu mmoja. Na benki yenye rehani mahsusi juu ya jumba au mashine huchukua chake kwanza.

Mwenye mshahara wa shilingi 60,000 asiyelipwa miezi minne anadai 240,000. Hapo 40,000 zake zimekwisha kuanguka nyuma ya msururu. Na asiyelipwa miezi kumi? Sita ya nyuma imekuwa sadaka. Kumbe ndugu zetu wa India wanalia kwa kulindwa miezi 24, na sisi tunalala kwa kulindwa minne!

Wako watakaosema: "Tukiwapa wafanyakazi nafasi kubwa zaidi, mabenki hayatakopesha, na kazi zitapungua." Hoja hiyo si ya kudharauliwa, maana kiwanda bila mkopo hakiendi. Lakini benki ina watu wa kukagua vitabu vya kampuni kabla ya kutoa shilingi. Benki yaweza kukataa, na yaweza kudai rehani. Kibarua anayeingia langoni saa moja asubuhi hawezi kumwambia tajiri, "Nionyeshe vitabu vyako kwanza." Aliye na macho na abebe hatari kuliko aliyefungwa macho. Hiyo ndiyo haki, na hakuna hesabu ya benki itakayoigeuza.

TUFANYE NINI

1. Msikubali malimbikizo. Mwezi wa pili bila mshahara si jambo la kumwonea tajiri huruma, ni ufa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Leteni habari kwa katibu wa tawi mwezi wa kwanza, maana sheria inahesabu miezi, nayo haihesabu subira.

2. Kila mtu aulize makato yake. Fedha ya akiba ikikatwa katika mshahara na isifike katika mfuko, siku ya kufilisika utaambiwa mfuko umelindwa, nao ni mtupu. Wajumbe wa viwanda waombe kuonyeshwa stakabadhi kila mwezi.

3. Tuweke vitabu vyetu. Kila tawi liwe na orodha ya wanachama, mishahara, likizo zisizolipwa na miaka ya kazi. Tajiri akifa, vitabu vyake hupotea upesi kuliko maiti.

4. Tudai Bungeni kwamba ile miezi minne na zile shilingi 200,000 ziongezwe, na kwamba wafanyakazi wapate mjumbe mwenye kura katika kamati ya wadai. Kura, si kiti cha kusikiliza.

5. Mswada wa kodi, wa ushuru au wa makampuni ukitangazwa, chama kiusome kabla haujapita. Pale ndipo viti vinapopangwa. Siku ya kugawana ni siku ya kuketi tu, na asiye na kiti husimama.

Wafanyakazi wa Kanpur walisimama nje ya lango lililofungwa miaka mitano. Walikuwa na njaa, na hawakuwa na kura, lakini walikuwa na chama. Sisi lango letu bado li wazi, na king'ora bado kinalia asubuhi. Huu ndio wakati wa kujifunza nafasi yetu katika msururu, na kuigombea.

UMOJA NI NGUVU, UTENGANO NI UDHAIFU.

Soma, kisha mpe mwenzako.